Kila Mwenye Baridi

Blanketi la kwanza lilitoka kabatini likiwa baridi.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye wenzake walimwita Mama Joto, alilipapasa mara mbili. Kabati lenyewe, la kupashia mablanketi, lilikuwa moto. Mwili uliolazwa usingizi kwa dawa hauwezi kujipasha, na kazi yake ilikuwa kuupasha. Lakini blanketi lile lilinuka udongo uliolowa.

Na mezani siku hiyo alilala mdogo wake, kitindamimba, ambaye marehemu mama yao alimwachia amlee.

"Dada, usiniache nigande," alikuwa amemwambia kabla ya sindano.

"Nikuache? Wewe uliyeninyang'anya shuka utoto mzima?"

Walicheka. Kisha Mama Joto akamwombea kama alivyowaombea wagonjwa wote: "Kila mwenye baridi humu ndani, Mungu ampe joto."

Hakutaja jina. Hakuwahi kutaja.

"Joto linashuka," daktari wa usingizi alisema. "Mama Joto, leo vipi?"

Akaleta blanketi la pili, akaleta la tatu, akabadilisha dripu akaweka ya maji ya vuguvugu, na kila alichokigusa kilipoa mikononi mwake, na ile harufu ikazidi kumkaba, hata alipoinua pindo amsugue mdogo wake nyayo akaona miguu miwili aliyoijua, na katikati yake mguu wa tatu, mrefu, mkavu, ukijikunyata kutafuta joto.

"Audhubillahi," alinong'ona. "Toka!"

"Umeniombea mwenyewe," sauti ikajibu chini ya blanketi. "Nami nilikuwa na baridi."

"Chukua joto langu. Mwache mtoto wa watu."

"Lako limezeeka."

Wengine hawakusikia kitu. Akasoma dua mpaka midomo ikakauka. Ghafla joto likapanda.

"Alhamdulillahi!" daktari alishusha pumzi. "Umemwokoa."

Katika chumba cha kuzindukia, mdogo wake alifumbua macho.

"Unasikia baridi, mdogo wangu?"

"Mimi? Hata." Akatabasamu, kwa kinywa kisichozoea kutabasamu. "Ila yule wako analia. Yuko kabatini."

Mama Joto alikimbia, akafungua kabati. Mvuke wa moto ukampiga usoni. Nyuma ya mablanketi, mbali kuliko kabati lilivyoweza kufika, sauti aliyoilea ilitetemeka:

"Dada, nifunike."

Akasukuma blanketi ndani, na jingine, na jingine.

Yote yalipoa.