Michembe ya Mabula

Asubuhi ile, kama kila Jumamosi, Limi na bibi yake walikuwa wakianika viazi vilivyokatwakatwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yao, Tinde. Michembe ya Bibi Martina, nani asiyeijua? Lakini iliyokauka vizuri kuliko yote hailiwi na mtu. Hiyo ni ya Mabula, kaka yake Limi, askari aliyetekwa vitani ng'ambo ya mpaka. Bibi ndiye aliyemlea, na hamu ya kumwona ilikuwa imemkondesha.

Mara akaja kijana anayechechemea.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Salmini, natoka Kilwa. Nilikuwa askari pamoja na Mabula."

"Marahaba," Bibi akaitikia. Kiswahili chake kiliishia hapo. Zaidi ya salamu, Limi ndiye aliyekuwa mdomo wake.

"Alipigana kishujaa," Salmini alisema, macho chini. "Tulitekwa siku moja. Kule kifungoni homa ikamshika, na dawa hakuna. Alifia mikononi mwangu. Mimi nimeachiliwa juzi. Wakubwa wetu wako njiani kuwaletea taarifa, nimeomba nitangulie."

Bibi alimkazia Limi macho, akingoja. Jamani, angeanzia wapi? Akasema kwa Kisukuma, "Mabula ni mzima. Anakusalimu sana."

Bibi akapiga vigelegele! Akajikokota ndani, akarudi na mfuko wa michembe, akamkabidhi mgeni.

"Wabeja, mwanangu!" akashukuru kwa Kisukuma. "Mpelekee Mabula."

Salmini hakuelewa ila lile jina. Akamgeukia Limi. "Mdogo wangu, umemwambia nini bibi?"

Limi akaangua kilio, akapiga magoti. "Bibi, nimekudanganya. Mabula amekufa."

Bibi alilia mpaka majirani wakajaa uani. Alipopata sauti, alimshika Limi mkono.

"Najua ulinihurumia. Lakini umenifanya nimpigie marehemu vigelegele. Uongo hauondoi msiba, mjukuu wangu, unauchelewesha tu, kisha unauma mara mbili. Niambie kweli, hata ikiwa chungu. Sasa muulize, Mabula alisema nini?"

"Alitamani michembe ya bibi yake," Salmini alijibu. "Kila siku alitusimulia."

Safari hii Limi alitafsiri neno kwa neno, machozi yakimtiririka. Bibi akafungua mfuko, akamwekea Salmini michembe kiganjani.

"Kula wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Na hayo pia Limi aliyasema kama yalivyo.