Trekta Lililoshikwa Mahameni

Kila asubuhi Genoveva alimpelekea mumewe uji shambani. Mumewe, Laurenti, aliendesha trekta dogo la chama cha wakulima wa Rutamba. Kazi ilikwenda vizuri mpaka trekta lilipofika mahameni, palipokuwa na kijiji cha kale. Hapo likagoma.

Siku ya tatu Genoveva alilisikia kabla ya kuliona. Injini iliunguruma ndani ya ukungu, lakini mlio haukusogea. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale, yakichimbua vigae vya vyungu vyeusi. Kisha pua ya trekta ikaanza kuinuka, polepole, kana kwamba mtu amelikamata nyuma.

"Zima!" alipiga kelele.

Laurenti akazima. Pua ikaanguka, pu! Juu ya bati linalofunika gurudumu la nyuma alikaa Likwata, kaka yake Laurenti.

"Shemeji, mimi ndiye uzito hapa," alisema.

"Uzito gani, mfupa mtupu wewe? Shuka!"

Likwata alishuka. "Wenye mahame, wale wa kale, wamelishika," alinong'ona.

Genoveva hakubisha. Aliwaza jambo moja tu: trekta likipinduka, litamlalia mume wangu. Akaenda kwa Ambrosi, fundi aliyewahi kutengeneza matrekta kwenye mashamba ya karanga, Nachingwea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Mbona unahema?"

Walipofika mahameni, Ambrosi hakumcheka mtu. Kwanza aliokota vile vigae, akavipanga kando kama vyombo vya mwenye nyumba. Kisha akapapasa tairi.

"Wenyewe tuwaheshimu," alisema. "Lakini plau inanasa kwenye udongo wa mahame, na tairi hili halina meno. Litashika nini hapa? Tena trekta ni jepesi."

"Ndiyo maana nilipanda," alisema Likwata.

"Mtu si jiwe la mzani, ndugu yangu. Ungeangukia gurudumuni. Tena ulikaa nyuma, ukazidi kuinua pua."

Chama kilileta matairi mapya kutoka Lindi, yenye meno marefu, na namba za ukubwa ubavuni sawa na za yale ya zamani. Ambrosi aliyafunga, ncha za meno ya juu zikitazama mbele. Akainua gurudumu kwa jeki, akalizungusha mpaka valvu, mdomo wa kujazia upepo, ikawa juu kabisa.

"Tunajaza maji, yawe ndiyo uzito, mpaka usawa wa valvu," alisema. "Juu yake tunabakiza nafasi ya upepo. Na puani tunafunga vyuma, isiinuke."

Trekta liliondoka. Ndani ya magurudumu maji yalilia chubwi, chubwi, kama watu wengi wanaovuka mto. Likaingia mahameni. Genoveva alishika rozari yake. Pua ilitulia. Meno yaliuma udongo, na plau ikapita.

Kabla ya adhuhuri shamba lilikwisha kulimwa. Mbegu zingewahi mvua.

Laurenti alizima injini, akashuka. "Uji wangu umepoa?"

"Kunywa hivyohivyo, baba," alisema Genoveva.

Kila kitu kilikuwa kimya, ila maji yaliendelea kutembea ndani ya magurudumu. Genoveva aliweka kiganja juu ya mpira, akangoja mpaka yalipotulia.