Simu Ndani ya Kopo la Vifungo

Fundi alikuwa anashona kola simu ilipoanza kulia ndani ya kopo.

Lilikuwa kopo la vifungo. Ndani kuna vifungo vya kila rangi, juu yake vipande vya vitambaa, na katikati ya vipande hivyo, simu. Fundi aliiweka humo ili isisikike. Lakini wapi! Kopo zima lilitetemeka juu ya meza. Mteja aliyekaa kwenye benchi akageuka.

"Fundi, simu yako."

"Si yangu."

"Si yako vipi? Iko kwenye kopo lako."

"Watachoka wenyewe," fundi alisema.

Simu ikanyamaza, kisha ikalia tena. Fundi akatazama ile kola. Mshono ulikuwa umepinda vibaya, na fundi huyu hakuwa mtu wa kupindisha mshono. Akaufumua na kuanza upya.

Mikono ya fundi huyu ni mizuri, hilo hakuna anayebisha. Suruali yake ikikukaa, imekukaa. Lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Ukimuuliza, "Fundi, nguo yangu lini?" anakujibu, "Kesho." Ukirudi kesho, anakwambia kesho. Hakuwa na roho mbaya. Hakupenda kumuudhi mtu usoni, basi. Akishasema kesho, mteja anaondoka, naye anarudi kwenye cherehani yake kwa amani. Hata mama mkwe wake alikuwa na kitambaa cha gauni pale dukani tangu mwaka uliopita.

Sasa, kabla ya simu hizi kuanza, mota ya cherehani iliungua. Fundi akakopa laki moja na nusu kwenye kampuni ya mikopo ya simu, akanunua mota mpya. Alitegemea kulipa kwa pesa ya majoho ya kwaya. Kwaya ikachukua majoho, ikaimba vizuri sana, na pesa haikuonekana. Siku ya kulipa mkopo ikafika. Akapigiwa simu.

"Ndugu, utalipa lini?"

Unadhani alijibu nini? Alisema kesho. Siku iliyofuata akasema kesho tena. Halafu akasema Ijumaa, Mungu akipenda. Lakini wale hawakuwa wateja wa suruali. Walizidi kupiga: asubuhi, mchana, mkono ukiwa kwenye sahani. Akiizoea namba moja, inakuja nyingine. Mwisho akaacha kupokea namba yoyote asiyoijua, na wateja wapya wakapotea humo humo. Chakula kikawa hakipiti. Mkewe, aliyekuwa msusi wa nywele kwenye baraza la nyumba yao, hapo hapo mbele ya duka, alimuuliza kila siku, "Baba, una nini?" Naye alijibu, "Nimechoka tu."

Jumatatu moja mama mkwe aliingia dukani. Fundi akainuka haraka mpaka mkasi ukaanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Kuna kijana amenipigia simu. Anafoka kama vile mimi ndiye niliyekula pesa zake. Anasema nikwambie ulipe deni lao, uache kuwafanya wajinga. Na simu yangu ilikuwa kwenye spika, mwanangu. Wenzangu wote wamesikia."

Fundi aliinama kuokota mkasi.

"Akaniuliza, mama, huyu mtu unamfahamu kweli? Nikamjibu, nilidhani namfahamu."

Maneno hayo yalimwingia fundi mpaka mfupani. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Alipoinua macho alimwona mkewe mlangoni, kitana mkononi. Nyuma yake, barazani, alikaa mteja aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Deni gani?" mkewe aliuliza.

"Dogo tu, mke wangu. Nitalimaliza..."

"Usithubutu kusema kesho! Namba ya mama yangu wameitoa wapi?"

Ikabidi aseme. Wakati wa kukopa aliombwa namba ya mtu wake wa karibu. Akaandika ya mama mkwe, bila kumuuliza.

"Yaani mimi ninayelala na wewe chumba kimoja, habari naletewa na mama!" mkewe alisema, akaanza kulia. Alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana vidole vilikuwa na mafuta ya nywele.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama mkwe alisema. "Na gauni langu je?"

Mama mkwe hakungoja jibu. Mkewe akatoka kumsindikiza mama yake, bila kumtazama mumewe.

Hawajafika mbali, kopo likatetemeka. Safari hii fundi alipokea, kwa aibu na hasira. Sauti ya mwanaume ikasema, "Nisikilize vizuri. Leo kabla ya saa kumi utume elfu hamsini kwa namba nitakayokutajia. Usipotuma, gari linakuja kubeba cherehani. Na polisi watakuwemo."

Fundi alikaa chini. Bila cherehani yeye ni nani? Ni mtu mwenye mkasi tu. Ndani ya droo kulikuwa na elfu hamsini kamili, pesa ya hospitali, ya kununulia vitambaa vya sare za wauguzi. Haikuwa yake. Akaichukua, akatoka mbio na viatu vya ndani.

Jirani na duka lake kuna kibanda cha dada mmoja ambaye mtaa unamwita Dada Vocha. Anauza vocha na kutuma pesa. Kabla ya kibanda alifanya kazi katika ofisi ya mikopo. Kutwa alikaa na vifaa masikioni, akiwapigia watu wanaodaiwa. Mtaani walimtania kwamba sasa amejificha kwao asije akapigwa.

"Dada, tuma elfu hamsini hapa. Haraka!"

Dada Vocha aliisoma namba. Hakutuma.

"Hii namba ya nani?"

"Ya watu wa mkopo."

"Fundi, hii ni namba ya mtu binafsi. Siku ile unakopa, walikwambia ulipe hapa?"

"Hapana. Lakini saa kumi wanakuja kuchukua cherehani yangu! Tuma tu, dada!" Alipiga ngumi kwenye meza ya kibanda. Hakuna aliyewahi kumwona fundi akipiga kitu.

"Kaa kwanza," Dada Vocha alisema, akamsogezea kigoda. "Pesa ikishatoka, mimi siwezi kuirudisha. Deni hulipwa kwenye njia ya kampuni yenyewe tu. Kwa hiyo hizo shika mwenyewe. Haya, uliweka cherehani rehani?"

"Hapana."

"Basi huyo anakutisha. Kudaiwa si kuiba. Mtu akitaka mali yako kwa ajili ya deni, lazima apite kwenye sheria. Ila ukiletewa barua ya mahakama, hiyo usiifiche kwenye kopo. Ipeleke siku hiyo hiyo ofisi ya msaada wa sheria."

Simu ya fundi ikalia mfukoni. Akaruka kama aliyeguswa na umeme.

"Iache ilie," Dada Vocha alisema. "Leo utapiga wewe. Niambie, umewaahidi mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Wao wanajua. Mimi nilikaa upande ule. Ukitaja siku, tunaiandika. Siku ikipita hujalipa, jina lako linapanda juu, unapigiwa zaidi. Ahadi ni deni, fundi. Ulikuwa na deni moja, wewe ukalizalia watoto."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza wanampigia mama mkwe. Si nimemsikia leo dukani kwako?"

Hapo mkewe akatokea. Aliona pesa kwenye kiganja cha mumewe, akazijua.

"Hizo si za sare za wauguzi?"

"Ni za sare," fundi alisema. "Nilitaka kuzituma. Nimeogopa, mke wangu. Naogopa mpaka silali. Laki moja na nusu, na riba yake. Nilipaswa kukwambia."

Mkewe akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Haya, tupige hesabu. Leo, si kesho."

Walitaja kodi, chakula, uzi, umeme, mafuta ya nywele. Walitoa hiki, wakaongeza kile.

"Naweza kulipa elfu ishirini kwa wiki," fundi alisema.

"Wiki nzuri," mkewe alisema. "Na wiki mbaya?"

Fundi alikuna kichwa. "Saba."

"Basi taja saba," Dada Vocha alisema. "Taja unachokiweza hata wiki ikiwa mbaya. Ukipata zaidi, ongeza. Watasema ni kidogo. Watakuvuta. Wewe rudia hicho hicho, kwa adabu. Uulize jina la unayeongea naye. Uulize deni limebaki kiasi gani. Na ukikubaliwa, omba wakuandikie ujumbe. Maneno ya simu hupotea."

Fundi akatafuta namba ya kampuni kwenye ujumbe wa kwanza wa mkopo. Akabonyeza, akakosea, akarudia. Simu ikiwa kwenye spika, akapokea mwanamke. Fundi akataja jina lake, akauliza jina la mwanamke, akaulizia deni. Mkewe akaandika yote kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Utalipa lini zote, baba?" mwanamke aliuliza.

Neno lile la zamani likamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Mkewe akamkazia macho. Akalimeza.

"Zote sina. Sitaki kukudanganya tena. Nitalipa elfu saba kila Jumamosi."

"Hiyo ni ndogo sana. Lipa nusu leo tuelewane."

"Nusu sina, dada. Nitalipa elfu saba kila Jumamosi."

Upande wa pili pakawa kimya. Fundi alitaka kuongeza ahadi, ili ukimya ule uishe tu. Dada Vocha alitikisa kichwa: nyamaza.

"Subiri nimuulize msimamizi," mwanamke alisema. Akarudi baadaye kidogo. "Sawa. Lakini ukikosa Jumamosi moja, makubaliano yamekufa."

"Nimeelewa. Naomba uniandikie ujumbe. Na mama mkwe wangu msimpigie tena, deni si lake. Halafu kuna mtu ametaka nitume pesa kwa namba hii." Akaitaja.

"Hiyo si namba yetu ya malipo, baba. Usitume kitu. Tutamfuatilia."

Mkewe alishika mdomo. Dada Vocha akasema, "Iandike na namba hiyo, na vitisho vyake, na siku yenyewe. Akirudia, mpeleke kwenye ofisi ya serikali inayosimamia wakopeshaji."

Saa kumi ilimkuta fundi dukani, ameegemea cherehani. Gari likasikika linakuja. Likapunguza mwendo. Likasimama! Fundi akaikumbatia cherehani kwa mikono yote miwili. Wakashuka vijana wawili, wakateremsha kabati la jirani. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye alijaribu kucheka, lakini cherehani hakuiachia.

Simu hazikuisha siku hiyo. Yule wa vitisho alipiga tena, fundi akamwambia, "Nimeshaongea na kampuni. Taja jina lako niliandike." Mtu yule akakata, hakupiga tena. Kampuni nayo ilipiga mara mbili tatu, fundi akawasomea ujumbe wao wenyewe. Jumamosi ya kwanza alilipa elfu saba. Ya pili, saba. Wiki ya tatu mkewe alisuka maharusi, wakalipa kumi na tano. Simu ikarudi juu ya meza, na vifungo vikabaki peke yao kwenye kopo.

Siku moja muuguzi mkuu alikuja kuulizia sare.

"Lini, fundi?"

"Alhamisi ijayo, saa tisa. Kesho siwezi."

Muuguzi alimtazama vizuri. "Fundi, unaumwa?"

Alhamisi saa tisa sare zilikuwa zimekunjwa na kupigwa pasi. Muuguzi alizihesabu mara mbili, haamini.

Lakini kulikuwa na deni lingine, nalo halikupigiwa simu na mtu. Jumapili fundi na mkewe walikwenda kwa mama mkwe. Fundi alibeba gauni mkononi, limefunikwa kwa shuka safi. Mama mkwe aliingia nalo chumbani. Alikaa humo muda mrefu, na fundi pale sebuleni aliogopa kuliko siku ya gari.

Mama mkwe akatoka amelivaa. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akavuta mkono wa gauni kuujaribu mshono. Haukupinda popote.

"Sasa," alisema, "wakinipigia tena kuniuliza, nitawaambia namfahamu."