Pindo la Nyuzi Tano

Nguo zote zilikauka isipokuwa moja. Jua la siku ile lilikuwa la kupasua utosi, hata jinzi nzito ya mgeni ilikauka ikakakamaa, lakini katikati ya kamba palikuwa na gauni dogo jekundu la mtoto linalotiririka maji kana kwamba limetolewa kwenye ndoo sasa hivi. Mwenye nyumba, mama mmoja fundi cherehani, alilikamua, akalianika upya, akarudi kushona. Shule zilikuwa zinafunguliwa, sare zimejaa mezani. Nani ana muda wa kuhojiana na gauni?

Alidhani ni la mgeni, labda zawadi ya mtoto wa mtu. Na hapo ndipo adabu ilipowaponza watu.

Mgeni mwenyewe alikuwa binti wa mbali aliyeingia kisiwani na begi kubwa mgongoni, na kwa ajili ya begi hilo wakambandika jina la Shanta. Hoteli hakuzitaka. Alizunguka kisiwa kizima akikaa kwa watu, hapa wiki mbili, pale tatu, akilala panapopatikana na kusaidia kazi za nyumba. Lugha yake ilikuwa ya kuokoteza lakini hakuionea haya. Alimwita fundi dada, fundi akamwita mdogo wangu, na hakuwa anamtania.

Mtoto wa fundi alikuwa na miaka sita, na jina lake la mtaani lilikuwa Chiriku, kwa sababu tangu anafumbua macho mpaka usingizi unamshinda, mdomo wake haukupata likizo. Fundi alimpata baada ya mimba tatu kuharibika. Kelele zake hakuwahi kuzilalamikia hata siku moja. Mtoto akinyamaza kidogo tu, mama anaacha kushona, anaenda kumchungulia.

Basi lile gauni lilipokauka hatimaye, fundi alilikunja, akaliweka juu ya nguo za Shanta. Shanta akaliona, akajua ni la Chiriku limechanganyika, akaona aibu kuuliza, akalirudisha kimyakimya kwenye rundo la wenyeji. Kesho yake likawa kambani tena, limelowa. Fundi alidhani Shanta kalifua, Shanta alidhani fundi kalifua. Wiki nzima walipelekeana hivyo, dada na mdogo wake, kila mmoja akimstahi mwenzake, wala hakuna aliyefungua kinywa kusema jamani, hili gauni la nani? Swali dogo tu lingewaokoa.

Siku ya nane fundi aliona pindo limeachia, na fundi hawezi kuona pindo limeachia akapita zake. Ni ugonjwa wa kazi. Uzi mwekundu ulikuwa umeisha, akatia wa kijani, akalishona, akalitundika mlangoni. Chumba kikaanza kunuka kama maji yaliyokaa kwenye ndoo siku nyingi. Akafungua dirisha, harufu ikabaki.

Mchana ule Chiriku alilivaa, likamkaa kama limekatwa kwa kipimo chake. Fundi akamshukuru Shanta kwa zawadi. Shanta akacheka, akauliza zawadi gani. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka kumtazama mtoto, na mtoto alikuwa amenyamaza.

Hakusema neno siku ile wala iliyofuata. Zahanati wakampima, wakasema ni mzima. Kila jioni fundi alimvua gauni, na kila asubuhi alimkuta nalo, vifungo vyote vimefungwa, shuka limelowa chapachapa. Shanta ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kumbembeleza. Mama mtu alishona huku analia, sare zikatoka zimepinda.

Siku ya tatu, saa nane mchana, fundi alikuwa anarudi kutoka kupeleka sare, Chiriku kamwacha amelala, na akiwa bado uwanjani akasikia cherehani yake inakwenda, mwendo wa mtu anayeijua kazi, akafikiri labda Shanta anajaribu kushona, akakumbuka kwamba Shanta ameachana naye dukani dakika tano zilizopita, akasogea mlangoni huku ile harufu ya maji ya ndoo ikimjaa kooni, akaona kanyagio linapanda na kushuka bila mguu juu yake, gurudumu linazunguka, sindano inapiga bila uzi, na pindo jekundu liko chini ya sindano huku mwanawe akiwa ndani ya gauni hilohilo, amesimama wima, maji yakimchuruzika miguuni mpaka sakafuni, anamtazama mama yake kwa upole ambao haukuwa wa Chiriku hata chembe.

Cherehani ikasimama.

"Huyu anashona vizuri kuliko wenzake," mdomo wa mtoto ukasema. Ilikuwa sauti ya mtoto, ila si ya mtoto huyu.

Fundi alimbeba hivyo hivyo, akakimbia naye kwa kinyozi wa pale kona. Mtaa mzima ulijua kwamba kinyozi yule asubuhi ananyoa na mchana anatoa majini, kwa kiti kilekile. Mzee alimtazama mtoto kwenye kioo, akafunga mlango, akamwambia fundi akague pindo kwa jicho la kazi yake. Fundi akainama. Chini ya uzi wake wa kijani kulikuwa na mistari mingine ya matundu na mabaki ya nyuzi: mweupe, wa njano, wa bluu, mweusi. Mishono ya mikono minne tofauti, na wake ni wa tano.

"Linatafuta mama," kinyozi akanong'ona. "Anayelishonea ndiye. Mwanao linamwona analizibia njia tu."

"Litoe, mzee wangu."

"Kulitoa naweza. Kulimaliza siwezi, nisikudanganye. Ama ukae nalo wewe, ulale nalo kitandani, uwe mama yake mpaka unakufa, na mwanao atakuwa salama. Ama liondoke na mzigo uliolileta. Mbebaji asiye na mtoto halimdhuru, na likishaingia mzigoni mwake linamtoka akilini. Ila kabla jua halijazama uwe umeshachagua."

Akamkalisha Chiriku kitini, akamfunika shuka lake la kunyolea, akasoma anavyojua, akamkata kishungi kimoja kisogoni. Maji yakamwagika chini ya kiti, mengi, zaidi ya ndoo mbili, yakatafuta mlango. Alipoinua shuka, gauni lilikuwa sakafuni, na mtoto amelala usingizi.

Fundi hakuchagua kwa muda mrefu. Alifika nyumbani, akamlaza Chiriku, akalisukumiza gauni chini kabisa ya begi la Shanta, akaanza kumpangia nguo zake juu. Shanta alipoingia, fundi akasema bila kumtazama kwamba ndugu wa mume wanakuja leo, chumba kinahitajika, boti ya saa kumi bado ataiwahi.

Shanta hakununa. Alisaidia hata kukunja.

"Kumbe ilikuwa homa tu," akasema, akimshika Chiriku paji la uso. "Namshukuru Mungu. Unajua, dada, hata kule nilikotoka walipata wageni ghafla? Yule mama alinipangia begi hivihivi, analia. Nina bahati mbaya na wageni."

Fundi akafunga zipu ya begi. Alimkumbatia mdogo wake, akamsindikiza mpaka mlangoni tu. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Lakini usingizi ulipomwisha Chiriku jioni ile, akauliza chakula kiko wapi, na anti kaenda wapi, na kwa nini kuku hana meno, fundi akajifungia bafuni akalia kwa furaha.

Wiki tatu zikapita. Jumapili moja ikaingia picha kwenye simu: Shanta uwanjani kwa watu, anacheka, kazungukwa na familia. Chini kaandika, "Ndugu zangu wapya. Mtoto wao ana haya, haongei kabisa."

Chiriku akachungulia begani kwa mama yake. "Mama, mbona huyo kavaa gauni langu?"

Fundi akaikuza picha. Pindo lilikuwa limeteremshwa, na chini ya alama ya uzi wa kijani ulipita mwingine mpya, wa zambarau. Pembeni alisimama mama wa mtoto, mwanamke mwembamba, bado anatabasamu.

Akaandika: Mdogo wangu, niletee hilo gauni, nitakaa nalo mimi. Akausoma ujumbe. Akamtazama Chiriku, aliyekuwa ameshahamia kwenye habari za paka wa jirani, mikono yote miwili hewani. Akafuta herufi moja moja mpaka zikaisha, kisha akaandika upya: Mmependeza sana. Akatuma.

Chiriku akanyamaza ili avute pumzi.

"Ongea, mwanangu," fundi akasema, akimshika mkono kwa nguvu. "Ongea tu, usinyamaze."