Taa Nyekundu ya Mheshimiwa Tollefsrud

Kura ya kwanza aliyopiga Maren Tollefsrud katika Baraza la Wawakilishi ilikuwa ya kuwapongeza wasichana wa mji mmoja mdogo kwa kutwaa kombe la mpira wa kikapu. Hakuna mtu mwenye akili anayepinga jambo kama hilo. Maren alibonyeza kitufe cha kijani kwenye meza yake, na kwenye ubao mkubwa wa ukutani, katikati ya majina tisini na mawili yaliyowaka kijani, jina la Tollefsrud likawaka jekundu.

Ukumbi mzima ulicheka. Garrett Strohm, aliyekaa mbele yake, akageuza kiti kizima.

"Mheshimiwa, hao mabinti wamekukosea nini? Au ni timu ya kwenu waliyoifunga?"

Maren alicheka pia, uso umemwiva. Alikuwa mgeni. Mumewe, Leif, ndiye aliyekuwa mwakilishi wao. Alikufa mwezi wa tatu mwaka uliopita, na gavana akampa mjane kiti hicho akimalizie muda, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani. Hata kibao cha jina hawakukibadilisha.

Alidhani amekosea kitufe. Kura ya pili ilihusu daraja, ikawaka nyekundu. Ya tatu ilihusu nyuki, nyekundu vilevile. Kila mara ilimbidi asimame aombe kura yake irekebishwe katika kumbukumbu, na kila mara Strohm alikuwa na neno.

"Huyu mama hata ile dua ya asubuhi angeipinga!"

Fundi alikuja akabadilisha kitufe. Akabadilisha waya. Mwisho akang'oa kisanduku chote akaweka kipya kutoka stoo. La kuvunda halina ubani. Siku iliyofuata taa iliwaka nyekundu kabla Maren hajagusa kitufe.

Baadaye ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya koti la sufi lililolowa theluji, dizeli, na peremende za mnanaa. Leif alikuwa akimung'unya peremende hizo tangu aache sigara. Maren aliinamia droo akaitafuta peremende, hakuiona. Baada ya harufu ikaja sauti chini ya meza: tiki, tiki, tiki, kama taa ya gari inayoashiria kukata kona. Strohm alipoisikia hakutania tena. Sote katika jengo lile tulijua jinsi Leif alivyokutwa: gari ndogo ya mizigo imelala mtaroni, theluji imeifunika hadi madirishani, na taa ya kushoto bado inapepesa, kwenye kona ya barabara ya kwake mwenyewe.

Jumatano ya wiki ya nne, mchana kweupe, wakati Spika akihesabisha kura za mswada wa maji na watu wakisinzia baada ya chakula, Maren alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kijani na akahisi mkono mwingine ukishuka juu ya wake, mkono mzito, wa baridi kiasi cha kuuma, uliolowa, wenye pete iliyomgusa kifundo cha kidole pale pale ilipozoea kumgusa miaka kumi na saba kanisani na kitandani, na mkono huo, bila hasira, polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto kushika kalamu, ukakisogeza kidole chake hadi kwenye kitufe chekundu na kukikandamiza, na ukabaki hapo hadi Spika alipofunga kura.

Maren aliuvuta mkono wake. Aliondoka kitini akaenda moja kwa moja nyuma ya jukwaa la Spika, kwenye ofisi ya Bi Verna Kucera, katibu wa Baraza, mwanamke aliyeita majina ya wawakilishi kwa miaka thelathini na minane.

"Funga mlango, Bi Verna." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. "Ni Leif. Ni yeye anayewasha nyekundu."

Bi Verna aliutazama mkono wa Maren. Ulikuwa umefanya weupe wa barafu, na alama ya pete iko pale.

"Nimesikia hiyo tiki tiki," alisema taratibu. "Nilikuwa naomba iwe masikio ya uzee."

"Anataka nini? Hakutosheka na aliyoyafanya?"

"Alifanya nini, mwanangu?"

Hapo Maren akalia. Binti yao, Britta, wa miaka kumi na mmoja, alipanda ngazi ya ghala la nafaka la jirani, akaanguka ndani, mahindi yakammeza. Leif aliingia bungeni kwa ajili hiyo tu: sheria ya kulazimisha kila ngazi ya ghala ifungwe kwa kufuli. Alihangaika nayo miaka mitatu. Siku ya kura Maren alikuwa jikoni, akifuatilia kwa redio, na redio ikasema mswada wa Britta umeshindwa, na Mheshimiwa Tollefsrud mwenyewe amepiga kura ya hapana.

"Nikampigia simu. Nikamwambia, umemuua mwanangu mara ya pili. Nikamwambia asirudi nyumbani. Akaanza kueleza, nikamkatia."

Bi Verna alimshika mabega.

"Hukujua? Maren, kumbe hukujua? Sisi tulidhani mke anajua!"

Alifungua kabati, akatoa karatasi moja yenye mwandiko wa Leif. Ilikuwa hoja ya kuomba kura irudiwe, yenye tarehe ya siku iliyofuata.

"Sikiliza. Kwetu hapa aliyeshindwa hana haki ya kuomba kura irudiwe. Anayeweza ni yule tu aliyepiga kura upande ulioshinda. Ndivyo walivyoandika wale wa kwanza, waliokuwa wakija huku kwa farasi. Leif alikuwa kijani. Akaona ubaoni, arobaini na sita kwa arobaini na saba, anashindwa kwa kura moja. Kabla Spika hajafunga, akajigeuza nyekundu ili kesho yake aweze kusimama. Mtu wa upande ule alikuwa amekwisha kubali kuhama. Hila hiyo kila mtu humu anaijua. Aliniletea hii karatasi akasema, 'Bi Verna, nitalala kwenye hoteli hapo ng'ambo ya barabara, asubuhi tunamaliza.'"

"Mbona hakulala?"

Jibu Maren alikuwa nalo mwenyewe. Mtu aliyeambiwa asirudi nyumbani alikuwa ameendesha gari maili mia moja na tisini katika dhoruba ili amweleze mkewe kanuni moja ya Baraza. Hasira hasara, wasemao hivyo wanasema kwa wepisi; Maren aliishika ile karatasi kifuani na kutoa mlio uliopenya mlango hadi kwetu ukumbini, ambao nisingependa kuusikia tena.

Kwetu huku hatuna mganga wa kufukiza majini. Tuna kitabu cha kanuni, na Bi Verna alikijua kuliko mchungaji anavyojua Zaburi.

"Anashikilia ile nyekundu kwa sababu ndiyo haki yake ya kusimama," alisema. "Anangoja Spika amwone. Muda wa hoja ulikwisha kesho yake ile, lakini wawakilishi wote wakikubali, bila hata mmoja kupinga, kanuni inawekwa kando. Utaisoma kwa jina lake. Halafu utamwambia hoja yake imesikika, aende akapumzike. Baraza linatoa ruhusa ya kuondoka, Maren. Halimwiti mtu. Unanielewa? Hata akikuomba vipi, usimwite."

"Nimekuelewa."

Alhamisi asubuhi Spika aliuliza, "Kuna mwakilishi anayepinga?"

Strohm ndiye aliyeuangusha mswada ule mwaka uliopita; wenye maghala walikuwa watu wake. Alishika mikono ya kiti ili ainuke. Tiki, tiki, tiki, ikaanza, na safari hii haikutoka chini ya meza moja bali chini ya zote, na pumzi za watu zikaanza kuonekana midomoni kama asubuhi ya mwezi wa kwanza zizini, na juu ya kitabu cha Strohm, ndani ya ukumbi ulioezekwa na kupashwa joto, chembe za theluji zikaanza kutua moja moja. Strohm alizitazama. Alikuwa na mabinti wawili. Akaiachia mikono ya kiti.

"Hakuna anayepinga," Spika alisema. "Mheshimiwa Tollefsrud ana nafasi."

Maren alisimama na karatasi. Kipaza sauti kiliwaka kabla hajakigusa, na ndani yake mtu akavuta pumzi, pumzi ndefu yenye maji, na sote tukamsikia.

"Maren? Naruhusiwa kurudi nyumbani?"

Mtu mmoja kwenye roshani ya wageni alianza kusali. Bi Verna aliinuka huku akitikisa kichwa, hapana, hapana, mikono yote miwili imenyooka kumzuia. Maren alimwona. Nathibitisha kwamba alimwona, kwa sababu alimtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

"Rudi, mume wangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Rudi nyumbani. Nilikosa mimi."

Tiki ikakatika. Baridi ikaondoka, na joto la kawaida likarudi. Alisoma hoja kwa jina la Leif. Kura ikarudiwa, na mswada wa Britta ukapita kwa sitini na moja kwa thelathini na mbili, Strohm akiwa miongoni mwa sitini na moja. Jina la Tollefsrud liliwaka kijani kwa mguso wa kwanza. Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakalia waziwazi, lakini alipotafutwa apewe mkono alikuwa amekwisha kuchukua koti na kuondoka.

Jioni Bi Verna alishindwa kuvumilia akapiga simu. Iliita sana kabla ya kupokewa.

"Maren? Uko salama? Uko na mtu?"

"Nashukuru sana, Bi Verna." Maren alinong'ona kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. "Alikuwa mlangoni nilipofika. Nimemkalisha mezani. Nimemweleza kila kitu, na mswada nao, nimemwambia umepita. Hasemi. Ananitazama tu."

"Mwanangu, toka humo ndani. Nakuja kukuchukua."

"Usije, barabara mbaya." Kikasikika chuma kikigonga chuma, mtu anaongeza kuni. "Jiko limewaka tangu saa kumi, nimemsogeza karibu mpaka naogopa ataungua. Nimemfunika mablanketi yote, la Britta pia. Bi Verna, hebu niambie wewe, wewe unajua mambo. Mbona hii theluji ya mabegani haiyeyuki?"