Mwizi Aliyefagia

Ubao ulikuwa umeibwa. Gololi zake zilikuwa palepale mezani, ndani ya mkoba wa ukili uliofungwa vizuri.

Inspekta Musyoka wa kituo cha polisi cha Malindi aliutazama mkoba, kisha akamgeukia mlalamikaji. Priscilla Kadii, mwalimu wa hesabu kutoka Kakuyuni, alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Ubao wa namna gani?"

"Wa mninga. Umepigiliwa misumari safu kwa safu, na chini una vijumba. Unaachia gololi juu, inagonga misumari, inaangukia kijumba kimoja."

"Mchezo?"

"Ndivyo anavyouita mwalimu wangu mkuu. Ni somo la takwimu, Inspekta. Saa nane mchana nawaonyesha walimu wa mkoa mzima namna ya kulifundisha. Afisa wa wizara akiridhika, kila shule wilayani itapata ubao kama huo. Asiporidhika, nimeshaambiwa: nirudi kwenye chaki."

Ulikuwa mwaka 1986, na mtaala mpya bado ulikuwa ukiwatoa walimu jasho. Ndiyo maana walikutana katika hosteli hii ya kanisa, kufundishana jinsi ya kufundisha takwimu.

Konstebo Baya aliinuka kutoka sakafuni na brashi yake ya unga.

"Afande, alama za vidole hakuna. Meza imefutwa, sakafu imefagiliwa."

"Na vikokotoo vya walimu pale mezani?"

"Havikuguswa. Mlango nao haukuvunjwa."

"Wezi wa Malindi siku hizi wana adabu," Musyoka akasema. "Nani ana ufunguo wa ukumbi huu?"

Watu wawili: Thuku, katibu wa mkutano, na Mama Jedida, msimamizi wa hosteli.

Thuku alikuja amevaa tai joto lote lile.

"Jana ulisema nini juu ya ubao wa Mwalimu Kadii?"

"Nilisema ni kichezeo cha watoto. Na leo nasema hivyohivyo."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mezani, nikinywa chai na wenzangu wote. Waulize."

"Nyumbani kwako wewe hufagia, Mwalimu?"

Thuku akamkazia macho kana kwamba katukanwa. "Nina mke, Inspekta."

Musyoka akamruhusu aende zake. Mwizi wa kawaida akishapata hutimua mbio. Huyu alishika ufagio kwanza, kwa sababu mkono wake haukuweza kuacha vumbi nyuma.

Alimkuta Jedida jikoni, anakoroga sufuria ya maharagwe. Kadii alimfuata Inspekta mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikumiminie chai?"

"Baadaye. Ubao uko wapi?"

Jedida alikoroga mara nyingine, kisha akaweka mwiko chini.

"Stoo, nyuma ya kuni. Maharagwe yakishaiva ningeutia motoni."

"Kwa nini?"

"Hii ni nyumba ya Mungu. Kamari siitaki humu."

"Nani kakwambia ni kamari?"

"Naijua. Mtu mmoja ana ubao kama huo Kibarani, kule Kilifi, misumari na gololi vivyo hivyo. Mwanangu alichezea pale mpaka akaipoteza baiskeli yangu, ile niliyokuwa nikipelekea mandazi mtaa wa Kisumu Ndogo. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Mpaka leo yuko kwa mjomba wake. Asubuhi naingia kufagia ukumbi, naukuta umesimama chini ya msalaba. Tena wameuleta walimu wa watoto wetu. Nikasema, hapa hapana."

"Ungeniuliza, mama," Kadii akasema.

"Mcheza kamari huulizwa?"

Musyoka alificha tabasamu. "Mlalamikaji, tumfungulie mashtaka?"

"Ashike upande mmoja wa ubao, mimi nishike wa pili. Halafu akae mbele."

Saa nane ukumbi ulijaa. Kadii aliinua gololi moja.

"Mama Jedida, hii itaangukia wapi?"

"Anajua Mungu."

"Hata mimi sijui. Sasa tazama zikiwa nyingi."

Alizimwaga zote. Ziliteremka zikigongagonga, zikarundikana katikati kama kichuguu. Vijumba vya pembeni vikabaki karibu vitupu. Akazikusanya, akazimwaga tena. Kichuguu kikainuka palepale. Thuku alilegeza tai, akasogeza kiti mbele.

Jedida alisimama bila kuombwa.

"Mwalimu, yule mtu zawadi kaziweka pembeni. Saa, redio, zote pembeni. Katikati hakuna kitu."

"Asingeziweka kwingine."

"Kwa hiyo anajua?"

"Anajua vizuri sana."

Jedida alikaa polepole. "Basi nilimfukuza mwanangu kwa kuibiwa."

Afisa wa wizara ndiye aliyesema kwanza, tena kwa sauti ya chini: "Mwalimu Kadii, fundi wako anaweza kutengeneza mbao za wilaya nzima?"

"Akipata mninga, anaweza."

Musyoka alikwisha kuvaa kofia. "Mama, huyo mtu bado yuko Kibarani?"

"Kila siku ya soko, na leo ni soko." Jedida alikuwa anajitanda leso yake. "Ningoje, tufuatane. Kwa mjomba wake ni njia hiyohiyo."