Lulu Moja, Picha Mbili

Kila asubuhi Teremoana huvuka kwenda bandani kwake kabla ya chai. Banda lake la lulu limejengwa juu ya mwamba, katikati ya bahari ya ndani, na sisi wa kijiji cha Tauhunu tunaliona tukiwa ufukweni. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona jua limeshapanda na mashua yake bado imefungwa, nilijua kuna jambo. Mimi si mmbea, lakini nina macho. Nikaenda.

Nilimkuta barazani na simu mkononi. Hakunipa hata dafu.

"Njoo uone, Ina," alisema. "Halafu uniambie kama mimi ni mpumbavu."

Mumewe, Makiroa, alikuwa pembeni akishona wavu wa kuwekea chaza. "Usimuulize kitu," aliniambia. "Tangu jana anagombana na hiyo simu."

Teremoana alinionyesha picha mbili za lulu. Ya kwanza aliipiga yeye kwa kamera yao, siku lulu zilipopelekwa kwa ndege Rarotonga, kisiwa kikuu. Zilikuwa nyeusi tititi, na ndani yake kijani kinawaka. Ya pili ilitumwa na Tuaine, binti wa kaka yake; yeye ndiye humuuzia lulu zake sokoni huko. Lulu za Tuaine zilikuwa za kijivu, zimefifia, zina umanjano wa chai ya maziwa.

"Hizo ni lulu zangu?" Teremoana aliuliza.

"Idadi ni ile ile," alisema Makiroa.

"Idadi! Mwizi mwenye akili haachi idadi ipungue. Anatoa nzuri, anaweka mbovu."

"Lakini Tuaine umemlea wewe," nilimwambia.

"Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili kaka anakuja kula hapa baada ya ibada. Nimeshamwambia nina neno naye. Nitamwambia mbele ya chakula kwamba binti yake ni mwizi."

Makiroa aliacha kushona. Kaka huyo, Ngametua, ndiye ndugu wa pekee aliyebaki kwa Teremoana. Kamba zao za chaza zimefungwa kwenye nguzo moja. Wakikosana hawa wawili, nguzo hiyo itagawanywaje? Maji yakimwagika hayazoleki. Niliogopa, nasema kweli.

Mimi ni mfanyakazi wa idara ya uvuvi. Kila mwezi napiga picha za maganda ya chaza, tuone kama wana ugonjwa. Picha ya mwezi huu nailinganisha na ya mwezi uliopita. Nikilinganisha vibaya, naweza kusema chaza wanaumwa, kumbe ni wazima. Kwa hiyo nilizishuku picha zile mbili. Ya Tuaine niliishuku, na ya Teremoana pia.

"Nipe kadi ya kamera," nilimwambia. "Na usimwambie mtu neno lolote kwanza."

Nilileta kompyuta yangu. Nikafungua picha ya Teremoana, nikabonyeza, na mstari wa maandishi ukatokea chini ya picha.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Habari za picha. Kila unapopiga, kamera huandika mipangilio yake. Ilikuwa saa ngapi. Jicho la kamera lilikaa wazi muda gani. Taa yake iliwaka au haikuwaka. Rangi zilipangwa kwa mwanga wa jua au wa balbu. Programu hii inazitoa habari hizo na kuzionyesha hapa chini."

"Umeziandika wewe?"

"Kamera imeandika."

"Kamera yangu inaandika mambo yangu bila kuniambia?"

"Hata mahali ulipokuwa, ukiiruhusu."

Teremoana aliitazama kamera yake kama mgeni aliyekutwa jikoni akifunua sufuria.

Nikafungua picha ya Tuaine iliyotoka kwenye simu. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Umeona?" alisema Teremoana. "Amezifuta. Asiye na hatia anafuta nini?"

"Hajafuta. Picha ikitumwa kwa ujumbe wa simu, mara nyingi hubanwa ili iwe nyepesi. Habari zake huachwa njiani. Mwombe faili lenyewe, kwa barua pepe."

"Atajua ninamshuku."

"Kwani humshuku?"

Makiroa alicheka. Teremoana hakucheka. Alipiga simu, akaiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie.

"Kia orana, shangazi," alisalimu Tuaine.

"Kia orana, mwanangu. Zile picha za lulu, nitumie kwa barua pepe. Zile zenyewe, usizipunguze."

"Kwani hizo nilizotuma hazionekani?"

"Zinaonekana."

"Shangazi, unaniuliza picha au unaniuliza lulu?"

Teremoana alinitazama. Mimi nikatazama bahari.

"Nauliza picha," alisema.

"Haya," alijibu Tuaine, akakata.

Mtandao wetu ni wa kobe. Makiroa alimaliza wavu mmoja, akaanza mwingine, ndipo picha zikafika. Niliziweka picha mbili bega kwa bega, kila moja na mstari wake chini. Nikaanza na ya Teremoana.

"Asubuhi, rangi zimepangwa kwa jua. Lakini hapa naona mwangaza umepunguzwa. Nani aliupunguza?"

Makiroa alikohoa. "Mimi. Lulu nyeusi ukiitia giza kidogo inapendeza."

"Tena mliiweka juu ya kitambaa cheupe. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza. Picha imetiwa giza mara mbili, bwana."

Halafu nikasoma ya Tuaine. "Jioni. Kila kitu kaiachia simu ichague. Simu imejikakamua kutafuta mwanga, tazama namba hii ilivyopanda. Na kitambaa chake cheusi. Simu ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, huongeza mwanga. Balbu ya sokoni nayo imepaka umanjano wake."

"Kwa hiyo mtoto anasema kweli?"

"Namba hazijui nani mkweli. Zinakwambia tu kwamba picha hizi mbili hazilinganishiki."

"Na mtu akitaka, hawezi kuzibadili hizo namba?"

Swali zuri. Mwenye shaka huuliza vizuri. "Anaweza," nilimjibu. "Ndiyo maana hatutaishia hapo. Mtapiga upya wote wawili, kwa masharti yale yale."

Nilimpigia Tuaine mimi mwenyewe. Nilimwambia apige asubuhi, nje, kivulini, juu ya karatasi nyeupe. Asiwashe taa ya simu. Rangi azipange kwa mwanga wa mchana, asiiachie simu ichague. Mwangaza asiuongeze wala asiupunguze. Picha asiipambe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na shangazi naye afanye hivyo hivyo." Sauti yake haikuwa na tabasamu.

Kesho yake Teremoana alipiga lulu alizobakiza, za mavuno yale yale. Alipiga kivulini, juu ya karatasi. Makiroa alikatazwa kugusa kamera. Za Tuaine zilipofika, tulizipanga bega kwa bega tena, tukasoma mistari ya chini. Safari hii mipangilio ilikaribiana sana. Lulu nazo zilifanana. Zilikuwa na kijani kizuri, lakini weusi wao haukuwa ule wa picha ya kwanza. Hata zile zilizobaki mezani kwake hazikuwa nyeusi kiasi kile.

Teremoana hakutosheka. Alikuza picha ya Tuaine, akapitia lulu mojamoja, pua karibu inagusa kioo. Ghafla akasimama.

"Hii hapa, yenye mkunjo na kitobo chake pembeni. Makiroa, si nilikwambia usiiweke hii?"

"Nami nilikwambia hawataiona," alisema Makiroa.

Katika picha ya kwanza ya Tuaine mwanga ulizidi hata mkunjo ule ukapotea. Sasa ulionekana wazi. Ilikuwa lulu yake. Zote zilikuwa lulu zake.

Teremoana alikaa chini. Akampigia Tuaine, akasema picha zimefika, ni nzuri, asante.

"Shangazi," alisema Tuaine, "nilikuwa nimekuficha jambo. Kuna mteja wa Auckland anayetaka mkufu wa harusi ya bintiye, alikuja sokoni akiwa na picha yako ya kwanza niliyomtumia. Nikamfungulia lulu. Akatazama lulu, akatazama picha, akaniuliza nzuri nimezipeleka wapi. Watu wakasikia. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaona aibu."

Simu ilikatika, sijui kwa mtandao au kwa kidole.

Jumapili Ngametua alifika kutoka ibadani na kofia yake mpya ya ukindu mweupe. Nami nilialikwa. Tulikula samaki mbichi wa nazi na ndimu, na Ngametua alikula kwa raha hadi akalegeza mkanda. Kisha akafuta mikono.

"Haya, dada. Neno lenyewe?"

Nilidhani Teremoana atatafuta neno jingine. Hakutafuta.

"Nilikuita nikwambie mwanao ni mwizi," alisema. "Hakuiba. Picha yangu ndiyo ilidanganya, na yeye ndiye aliyeitwa mwizi mbele ya watu. Nami nikaongezea shaka yangu juu."

Ngametua alikaza tena mkanda wake. Nilitamani niwe nje.

"Umemwambia yeye?" aliuliza.

"Bado."

Alisukuma sahani, akampigia binti yake, akaiweka simu mbele ya dada yake. "Mwambie. Mimi nitangoja."

Teremoana alimwambia yote, machozi yanamtoka, mbele yetu sote.

"Nimesikia, shangazi," alisema Tuaine. "Nitaendelea kukuuzia. Lakini kila picha uilete na mipangilio yake chini, na mimi zangu vilevile. Maana sasa hata mimi nina shaka na wewe."

"Ni haki yako," alisema Teremoana.

Yule mteja alitumiwa picha mpya mbili, ya kisiwani na ya sokoni, kila moja na mstari wake. Alirudi sokoni akazilinganisha na lulu zenyewe, akazichukua kwa ajili ya mkufu. Sasa wakulima wengine wa lulu hapa kwetu wanapiga hivyo: kivulini, karatasi nyeupe, mwangaza haujaguswa, habari chini ya picha. Makiroa ananung'unika kwamba lulu hazipendezi kama zamani. Lakini hakuna mteja aliyeuliza tena nzuri zimekwenda wapi.

Tuaine huja kila Krismasi, na shangazi yake humpikia. Ila picha ya Teremoana ikimfikia kule sokoni, husoma namba kwanza, mpaka ya mwisho. Salamu hufuata baadaye.